Mita moja ya uwanja: kumfundisha mtoto ikolojia nyumbani kwa wiki nane

Wanangu walijua kuwa simba anamla pundamilia kabla hawajajua ni nani anayekula majani ya mwembe yanayodondoka uwanjani kwetu kila siku. Simba wamemwona vitabuni na kwenye televisheni. Majani wanayafagia wenyewe asubuhi kabla ya shule, wanayarundika pembeni, tunayachoma. Siku moja nikamuuliza binti yangu wa miaka 8: tukiacha kuyafagia, majani haya yataenda wapi? Akafikiri, akatazama juu ya mwembe, akaniambia, "Mama, yatajaa mpaka dirishani."

Ikolojia ni habari ya kutegemeana: nani anamla nani, nani anaishi kwa mgongo wa nani, na kilichokufa kinakwenda wapi. Kupanda mti siku ya mazingira na kuokota chupa ufukweni ni mambo mema, nasi tunayafanya, lakini mtoto anaweza kuyafanya miaka 10 asijue jani likianguka linamfaa nani. Nilichojifunza kwa wanangu ni kwamba mtoto anahitaji kukaa na kipande kimoja kidogo cha ardhi, kilekile, kwa muda wa kutosha kukiona kikibadilika. Mita moja kwa mita moja inatosha. Wiki nane zinatosha.

Sisi tumepanga Mbagala, Dar es Salaam, uwanja tunauchangia na wapangaji wenzetu, kwa hiyo usiseme huna shamba wala bustani. Umri mzuri ni miaka 5 hadi 12. Tulianza wiki ya kwanza ya Mei, masika yakielekea ukingoni na udongo ukiwa bado na unyevu, tukamalizia kwenye likizo ya Juni. Wakati wa vuli pia unafaa. Kiangazi kikiwa kikali udongo unakuwa mgumu na wadudu wamezama chini, mtoto atachoka bure.

Kabla hamjaanza

Tafuta kamba ya katani mita tano, vijiti vinne, daftari na penseli (wino ukilowa unafutika), chupa ya kioo yenye mfuniko kama ya jemu, chupa mbili tatu za maji za lita 1.5, madumu mawili ya lita 5, kipande cha chandarua kuukuu na kijiko cha chuma cha kuchimbia. Lenzi ukiipata ni heri. Ukiikosa, glasi ya duara iliyojaa maji nayo inakuza: weka mdudu nyuma yake, mtoto atazame kutoka mbele.

Usalama nauzungumza mapema kwa sababu watoto wakishaanza hawasikii. Viatu vivaliwe, maana minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu. Msichimbe karibu na choo wala karo la maji machafu. Jiwe au gogo liinuliwe kwa kijiti, ukingo wa mbali ndio uinuke na kuja upande wako, ili kama chini kuna nge, tandu au nyoka, akimbilie upande wa pili. Kiwavi mwenye manyoya haguswi. Siafu wakipita, shughuli imeahirishwa. Mikono inanawiwa kwa sabuni kila mnapomaliza, na kila kiumbe kinarudishwa pale kilipotolewa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalifikirii: majirani. Uwanja usiofagiwa kwetu ni aibu, na mtu mwema atakuja alfajiri akufagilie mraba wako kwa nia njema kabisa. Mimi nilikwenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Nina ombi. Kile kipande pale ukutani, chini ya mwembe, naomba kisifagiliwe miezi miwili. Watoto wanakisoma."

"Marahaba. Wanasoma majani?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Lakini kikileta nyoka utamtoa wewe."

Nikamshukuru, nikawaambia na wapangaji wenzangu. Fanya hivyo kabla hujachomeka kijiti cha kwanza.

Hatua ya 1: Pima, funga kamba, kaeni kimya

Pimeni mraba wa mita moja kila upande, vijiti kwenye pembe, kamba kuzunguka. Mtoto apime mwenyewe. Halafu kaeni chini, dakika 10 kwa wakubwa, 5 kwa wadogo, bila kusema neno. Baada ya hapo kila mmoja aseme alichoona na akiandike. Asiyejua kuandika achore.

Ukurasa wa daftari ugawe sehemu nne: tarehe, hali ya hewa, nilichoona, ninachodhani. Hizo mbili za mwisho zisichanganywe kamwe. "Sisimizi wamebeba bawa la mende" ni kilichoonekana. "Wanampelekea malkia wao" ni dhana, na inawekwa upande wake mpaka ipatikane njia ya kuihakiki. Mtoto akizoea kutenganisha haya mawili, umempa zana atakayoitumia maisha yake yote, darasani na nje ya darasa.

Siku ya kwanza mwanangu mdogo aliandika mistari miwili: majani, sisimizi. Siku ya nne alikuwa na vitu 14, na mraba ni uleule. Jongoo mdogo wa rangi ya chai. Buibui mwenye miguu mirefu. Kichuguu cha mchanga chenye kitundu katikati. Ukoka unaotokeza chini ya jani.

Kazi yako hapa ni kuuliza. Unaona nini? Kuna tofauti gani na jana? Unadhani kwa nini? Zuia ulimi wako usiwape jibu, na hili ni gumu kwetu wazazi tuliozoea kufundisha kwa kuelekeza. Majina ya wadudu yatakuja baadaye. Kama una bibi au babu aliyekulia kijijini, mpigie simu awatajie. Mama yangu yuko Pangani, na kwa wiki hizo nane alipigiwa simu kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Hatua ya 2: Udongo kwenye chupa

Hii ni ya nusu saa tu. Jazeni udongo wa kwenye mraba hadi theluthi ya chupa ya kioo, ongezeni maji mpaka karibu na shingo, wekeni sabuni ya unga kidogo sana, funikeni, tikiseni kwa dakika 2, kisha iwekeni mahali isiposogezwa. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini linafuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi unachelewa, siku nzima au zaidi, na maji yanabaki na weupe wa maziwa. Vinavyoelea juu ni vipande vya mizizi, majani na wadudu waliokufa. Fanyeni chupa ya pili kwa udongo wa mahali pasipo na mti. Sisi wa Pwani tutaona mchanga mwingi kwenye zote mbili, lakini ile ya chini ya mwembe ina utando mweusi juu ambao nyenzake haina. Mwambie mtoto auchore utando huo, kwani wiki zijazo atajua ulikotoka.

Hatua ya 3: Kaburi la vitu sita

Kama utafanya shughuli moja tu kati ya hizi zote, fanya hii.

Chukueni ganda la ndizi, jani kavu la mwembe, kipande cha gazeti, kipande cha kanga kuukuu, kipande cha mfuko laini wa plastiki wa mkate, na kipande cha mfuko mbadala, ile mifuko tunayobebea vitu sokoni iliyo laini kama kitambaa. Kila kipande kiwe na ukubwa wa kiganja. Kanga hakikisha ni pamba: wewe mzazi chomoa uzi mmoja uuchome. Wa pamba unaacha jivu laini, wa polista unayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Chimbeni mashimo sita yenye kina cha kiganja kwenye ukingo wa mraba, fukieni, kila shimo lipate kijiti chenye jina. Kabla ya kufukia, kila mtoto aandike dhana yake: kipi kitaoza kwanza, kipi kitabaki. Msiruke sehemu hii. Mtoto aliyekwisha kusema dhana yake mbele ya wenzake atakuja kufukua na moyo unamdunda.

Mnafukua wiki ya 2, ya 4 na ya 8, mnatazama, mnachora, mnafukia tena.

Wiki ya 2 ganda la ndizi lilikuwa jeusi, laini, limejaa mabuu weupe wadogo kama punje za mchele zilizokatwa vipande, na sisimizi wakipishana juu yake. Binti yangu alirudi nyuma hatua mbili. Kisha akachuchumaa tena. "Wanalila?" Nikamwambia aangalie mwenyewe. Tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Buu mmoja alikuwa ametoboa njia ndani ya ganda, na ile njia ilikuwa na majimaji yanayong'aa. Wiki ya 4 ganda halikuwepo, ila kikonyo chake. Gazeti lilikuwa limeshikwa na nyuzi nyeupe za kuvu, nyembamba kuliko nywele, na ukilivuta linaachana bila sauti. Kanga ilikuwa na matundu, na mzizi wa ukoka umepita katikati ya tundu moja. Jani la mwembe lilikuwa limebaki mishipa mitupu, kama wavu.

Mfuko wa mkate ulikuwa vilevile. Hilo walilitarajia.

Mfuko mbadala ndio uliowashangaza. Wote watatu walikuwa wameandika kwamba utaoza, kwa kuwa unafanana na nguo. Wiki ya 8 tuliutoa, tukausuuza, ukarudi na rangi yake ya kijani kama umetoka dukani jana. Hapo sasa ndipo mzazi unapoweza kufungua mdomo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mingi ya mifuko iliyoshika nafasi yake imetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile ya viroba vya sukari, ila nyuzi zake zimegandamizwa pamoja zikawa laini mkononi. Kuutumia mara nyingi ni jambo jema. Kuutupa ni kutupa plastiki. Kuvu, bakteria na mabuu waliomaliza ganda la ndizi ndani ya wiki nne hawana namna ya kuuvunja. Watoto wangu sasa wanaikagua mifuko kwa kuivuta kwenye mwanga, na dukani tunakwenda na kikapu cha ukindu.

Hatua ya 4: Nyungunyungu ndani ya chupa

Kateni shingo ya chupa ya lita 1.5. Tobolea vitundu vidogo kwenye kitako, maji yasituame. Pangeni tabaka la mchanga, tabaka la udongo mweusi, mchanga tena, udongo tena, na juu kabisa majani yaliyolowa. Wekeni nyungunyungu wanne watano. Zungushieni karatasi nyeusi, kwa kuwa hawapendi mwanga, na nyunyizeni maji kidogo kila siku ya pili. Nyungunyungu anapumua kwa ngozi: akikauka anakufa, akizama anakosa hewa. Baada ya wiki mbili fungueni karatasi. Tabaka zimechanganyika, mengi ya majani yamevutwa chini, na kuna njia zinazopinda kila upande. Warudisheni kwenye mraba jioni, udongo ukiwa umelowa.

Mkitaka kuendelea na ndoo ya mboji, endeleeni, ila msirudie kosa langu. Nilitupia mabaki ya ugali na vichwa vya dagaa bila kuweka vikavu, baada ya siku tano ndoo ikanuka mpaka kwa jirani. Vitu vibichi fungu moja, vikavu mafungu mawili: majani, maganda ya karanga, karatasi iliyochanwa. Samaki na mafuta visiingie. Ikinuka maana yake imekosa hewa, igeuzeni na mwongeze vikavu.

Hatua ya 5: Wafuateni sisimizi

Sisimizi wako kila nyumba, kwa hiyo somo hili halimshindi mtu.

Anzeni na mlo. Vifuniko vinne vya chupa vipangwe kwenye mstari: maji ya sukari, kipande cha dagaa, tone la mafuta ya kula, chumvi. Kila baada ya dakika 5 hesabuni waliopo kwenye kila kifuniko, kwa nusu saa. Wakubwa wachore jedwali. Halafu, msafara ukishaundika, mtoto apitishe kidole kukata njia yao, aangalie wanavyofika pale na kuzungukazunguka kama waliopotea. Walikuwa wanafuata harufu waliyoiacha wenzao, naye ameifuta.

Sasa wafuateni wanakokwenda. Wetu walitupeleka kwenye gunia la udongo alilopandia kunde jirani yetu. Kwenye machipukizi ya kunde walikuwepo vidukari weusi, wamebanana kama ulezi uliomwagika. Hapo chukueni lenzi na subira. Sisimizi anakuja nyuma ya kidukari, anampapasa kwa vipapasio vyake viwili, harakaharaka, mara moja upande huu mara moja upande ule. Kidukari anainua kitako kidogo, linatokeza tone moja angavu. Sisimizi analinywa. Anahamia kwa mwingine. Mwanangu mkubwa, ana miaka 11, alisema kwa sauti ya chini, "Mama, anakamua."

Ndivyo ilivyo. Vidukari wanafyonza utomvu, utomvu una sukari nyingi kuliko wanayoihitaji, ziada wanaitoa, na sisimizi wanaifuata. Kwa malipo hayo sisimizi wanawafukuza maadui wa vidukari. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Chagueni mimea miwili yenye vidukari. Shina la mmoja mpakeni mafuta mazito ya mgando, kama upana wa vidole viwili, sisimizi wasipande. Hakikisheni hakuna jani linalogusa ukuta, wasipate daraja. Mwingine muuache. Kwetu, siku ya saba, kwenye mmea uliopakwa walikuwa wameingia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, mviringo kama nusu ya mbaazi, na vidukari walikuwa wamebaki wa kuhesabu. Kwenye mmea usiopakwa sisimizi walikuwa kazini na vidukari wameongezeka.

Kama mna mwembe, mkorosho au mchungwa, tafuteni pia maji moto, wale sisimizi wekundu wanaouma. Msiuguse mti wao. Tazameni kwa mbali kiota chao: majani mabichi yaliyoshonwa pamoja kwa uzi mweupe. Uzi ule unatoka kwa mabuu wao. Mkubwa anamshika buu mdomoni na kumpeleka huku na huku kati ya jani na jani, kama fundi anayepitisha sindano.

Tulimpigia bibi yao kumweleza. Akasema Pangani wanajua siku nyingi kwamba mnazi wenye maji moto ndio unaozaa. Maneno yake yana msingi. Minazi ya Pwani na ya Unguja ina adui mmoja, mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza nazi changa zikadondoka kabla hazijafika popote, na maji moto wanamfukuza. Wataalamu wa kilimo wamelithibitisha hilo, na mkulima anaweza hata kuwafungia maji moto kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine wapate njia ya kuvuka juu kwa juu. Sisimizi walewale wanaokuuma ukipanda kuangua ndio walinzi wa nazi zako. Mwachie mtoto jambo hili alichukue taratibu.

Hatua ya 6: Chupa ya viluwiluwi

Tafuteni viluwiluwi wa mbu kwenye ndoo au tairi lililoshika maji ya mvua, muwateke pamoja na maji yao kwenye chupa angavu. Funikeni kwa chandarua na mfunge kwa mipira miwili. Chupa ikae nje. Nasema miwili na nasema nje kwa sababu wa kwangu ulikuwa mmoja, ukalegea, na usiku tukalala na mbu tuliowafuga wenyewe.

Mtoto atamwona kiluwiluwi akipanda kuvuta hewa na kushuka kwa kujinyonganyonga, kisha akigeuka kuwa kama alama ya mkato, kisha siku moja asubuhi kuna mbu kwenye chandarua na gamba tupu linaelea. Kwenye joto letu safari nzima kutoka yai inachukua takriban siku 7 hadi 10. Tazameni pia wanavyokaa: kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, wa wale mbu wengine wa majumbani huning'inia kichwa chini. Mkimaliza, mwageni maji kwenye mchanga mkavu, wote.

Baada ya hapo zungukeni nyumba nzima na daftari mkitafuta kila chombo kilichotuama maji. Sisi tulivipata 11, kikiwemo kifuniko cha chupa ya soda. Dar es Salaam imepigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliana kwenye vyombo kama hivyo. Watoto walivimwaga vyote wenyewe, na Jumamosi zilizofuata hawakusubiri kuambiwa.

Kiswahili chetu kinawaita viluwiluwi watoto wa mbu na watoto wa chura pia. Kama kwenu kuna kijito au dimbwi la kudumu, waonyesheni hao wa pili, na kereng'ende wanaoruka juu yake, kwani watoto wa kereng'ende huishi majini na kuwala viluwiluwi wa mbu. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel huko Oslo mwaka 2004, alisimulia jinsi alivyokuwa akicheza kwenye kijito cha kwao utotoni katikati ya majani ya nduma, akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Yakawa yanakatika kila alipoyagusa. Miaka zaidi ya 50 baadaye kijito kilikuwa kimekauka. Ndiyo maana siwakatazi wanangu kutia mikono majini.

Hatua ya 7: Madumu mawili

Kateni ubavu mmoja wa kila dumu, yalale kama mashua, midomo ikitazama upande mmoja na kuinama kidogo. La kwanza lijazwe udongo mtupu, la pili udongo uleule ukiwa na nyasi zilizoshika au umefunikwa majani makavu. Chini ya kila mdomo wekeni glasi. Mwagieni lita moja ya maji kwa kopo lenye matundu. Glasi ya kwanza itajaa tope upesi. Ya pili itapata maji kidogo, yanachelewa, tena yana nafuu kwa usafi. Baada ya hapo mpeleke mtoto mtaroni mvua ikikatika, aone ile rangi ya chai ya maziwa, akwambie mwenyewe ilikotoka.

Hatua ya 8: Siku moja kwenye mikoko

Mkiwa pwani, chagueni siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yakipwa mbali. Dar es Salaam mikoko ipo Kunduchi na Mbweni. Nendeni na mtu anayepajua, mrudi kabla maji hayajaanza kujaa. Kwenye mchu, aina mojawapo ya mikoko, mtoto atazame mizizi iliyosimama kama penseli kutoka kwenye tope, inapumulia, kwa kuwa tope lile halina hewa. Kisha alambe jani lake upande wa juu. Chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Kwenye mkoko wenyewe mwonyeshe mbegu zinazochipua zingali zinaning'inia kwa mama yao, ndefu kama rula, tayari kudondoka na kusimama kwenye tope. Sitasema zaidi, siku ile inajifundisha yenyewe.

Hatua ya 9: Uzi

Wiki ya 8, kusanyeni watoto wa uwanja mzima, 10 au 12. Kila mmoja apewe karatasi yenye jina la kitu kilichoandikwa kwenye daftari lenu, hakuna simba hapa: jua, mwembe, majani makavu, jongoo, kuvu, nyungunyungu, sisimizi, kidukari, mdudu mwekundu, mjusi, kuku wa jirani, kunguru. Wasimame duara. Jua anashika ncha ya uzi, anaurushia mwembe, kwa kuwa mwembe unaishi kwa jua. Mwembe unaurushia majani makavu. Kila anayerusha aseme sababu, na wenzake wamkatalie kama hawakuona kitu hicho kwa macho. Wetu walibishana robo saa kama kuku anakula jongoo, mpaka daftari likaletwa: tarehe 23 Mei, kuku alimdonoa jongoo, akamtema.

Uzi ukishakuwa wavu, mwambieni mmoja auvute taratibu, na kila anayehisi mkono wake umevutwa ainue mguu. Tulimvuta kunguru, wakainua wawili. Tulimvuta kidukari, wanne. Aliyekuwa majani makavu alikuwa mtoto wa jirani, mpole, aliyenung'unika mwanzoni kwamba kapewa takataka. Alipouvuta uzi wake wakainua miguu karibu wote.

Jioni ile binti yangu alikwenda kwenye mraba na kijiko. Majani yalikuwa yamedondoka siku 56 bila kufagiwa, na urefu wake haukufika kiganja. Akachimba pembeni pole pole: juu majani mazima, chini yake majani ya wavu, chini yake vipande, chini yake udongo mweusi wenye unyevu, na jongoo wawili. Alichora tabaka zote nne. Upande wa nilichoona akaandika, "Hayajafika dirishani." Upande wa ninachodhani akaacha wazi, akaja kuniomba kamba nyingine. Anataka mraba wa pili, kando ya karo. Nimemwambia kando ya karo hapana, achague penginepo, na kwa mama mwenye nyumba aende kuomba mwenyewe.